Mwanasesere Hana Mama

Jumanne, saa mbili na nusu, Malindi,
chumba cha nyuma ya kliniki ya chanjo.
Feni imekufa tangu Ramadhani.
Juu ya meza kitambaa cha kijani, na juu yake yeye:
miezi mitatu ya mpira, macho ya kuchorwa,
kifuani springi inayolia ka! ukiibonyeza vya kutosha.
Tunamwita Mgeni. Kila mwaka anafika hana pumzi,
kila mwaka madaktari wapya wanamrudisha.

Wanne safari hii, makoti bado yana mikunjo ya dukani.
Chelimo wa nyanda za juu, jasho la huku linamwonea.
Famau wa Siyu, mwepesi wa kujibu.
Nyamvula, anayeandika kila neno kiganjani.
Na Mutiso, aliyemgusa mwanasesere begani
akamwambia, "Samahani."
Wenzake wakacheka.

Mimi si daktari. Ni nesi,
miaka ishirini na sita, goti moja bovu.
Nikawaonyesha: mtoto mchanga kichwa kikae sawa, atazame dari.
Wa miaka mitatu, minne, mwinue kidevu kidogo
kama anayenusa mahamri ya jirani yakitoka karaini.
Barakoa izibe pua na mdomo, isipande machoni.
Usikamue puto kwa hasira; pumzi yake
haijazi kikombe cha kahawa.
Kifua kikipanda, inatosha. Kisipopanda
usiongeze nguvu. Rudi kichwani, rudi kwenye barakoa,
kosa ni la mkono wako kabla halijawa kadari ya Mungu.

Kumi na tano, mbili. Kumi na tano, mbili.
Famau anahesabu kama anayekimbizwa na mbwa.
Bonyeza, baba, kisha uachie,
moyo nao unataka nafasi ya kujaa.

Kufika saa nne walikuwa hodari. Hodari mno.
Springi inakwenda kama cherehani,
Nyamvula anatabasamu, na mimi naanza kuogopa:
mwanasesere hana mama.

Nikamwita Kadzo, alikuwa akipiga deki nje.
"Njoo uwe mama, dakika tano tu. Lia, wasumbue."
Akaegemeza mopu ukutani. Akafuta mikono kwa leso.
Hakulia.
Alisimama mlangoni, akamtazama Mgeni, akasema
kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya nyanya:
"Nimekuja na boda kutoka Kakoneni.
Njia nzima alinishika kidole.
Hapo getini ndipo ameniachia.
Sasa hivi tu, ameniachia."

Springi ikanyamaza.
Mikono ikabaki hewani, Chelimo akageuka mzima mzima,
nami nikakumbuka usiku ule wa mafuriko ya Sabaki,
puto letu la pekee, lenye ufa, tulilolifunga plasta,
na msichana pale getini, kidole kimoja kakinyoosha
kama kinachosubiri kitu.
Miaka minne ananiamkia kila asubuhi.
Miaka minne namjibu marahaba, napita.

"Hesabuni," nikasema. Sauti ilitoka na mikwaruzo.
Hakuna aliyehesabu.
Kisha Mutiso, bila kuinua macho, vidole gumba kifuani:
"Mama, naitwa Mutiso. Moyo wake tunausaidia sisi,
na Chelimo anampa pumzi. Sogea, umshike mguu.
Moja, mbili, tatu, nne,"
na Kadzo akausogelea ule mguu wa mpira
akaushika, kwa mkono mzima,
mpaka kumi na tano, mpaka mbili,
mpaka mara ya sita, ya saba; sikuwasimamisha.

Baadaye tulimfuta Mgeni kwa spiriti, tukatoa barakoa.
Chai ilikuwa imepoa na utando juu.
Kadzo alirudi kuchukua mopu yake.
"Jumanne ijayo tena?"
Nikasema ndiyo, kama yu tayari.
"Basi nitakuja na leso," akasema.
"Mtoto halazwi hivi hivi, uchi."